Bi Kebo na programu ishirini na tatu zisizopatana

Saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, Bi Kebo anafuta kompyuta. Anaifuta yote, mpaka inabaki tupu kama siku ilipotoka dukani. Kisha anavuta kiti, anavua viatu chini ya meza na kuanza kuijaza upya, akifuata maelekezo aliyoyaandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kama mtu asiyewahi kuyaona.

"Hapa mimi si Bi Kebo," anasema bila kugeuka. "Hapa mimi ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Sijui kitu, na nina haraka."

Kompyuta yenyewe ni kuukuu kuliko zote ishirini na sita zilizomo katika maabara hii ya chuo cha ufundi. Kitufe cha herufi M kimeng'oka, na feni yake inakoroma kama mtu mwenye mafua. Ndiyo maana ameichagua. Kitu kikipita hapa, anasema, kitapita popote.

Leo hakipiti. Kwenye hatua ya sita maandishi mekundu yanajaza kioo. Bi Kebo anafumba macho, anayafumbua, maandishi yapo palepale. Anachukua daftari la kawaida la shule, anaandika tarehe, anaandika "hatua ya 6, tena", halafu anaanza kuifuta kompyuta kwa mara nyingine.

Anapoulizwa kama amechoka, anacheka kwa pua.

"Kuchoka nilichoka mwaka juzi. Hii ni nyongeza."

Bi Kebo si jina lake. Ni wanafunzi waliombandika, kwa sababu haonekani bila fundo la waya begani. Ana miaka arobaini na minne, na kwa mujibu wa barua yake ya ajira yeye ni msimamizi wa maabara ya kompyuta: ahakikishe mashine zinawaka, printa ina karatasi, na mlango umefungwa jioni. Kazi iliyomfanya ajulikane katika vyuo zaidi ya sitini haimo katika barua hiyo, na hakuna anayemlipa kwa ajili yake.

Kazi hiyo inahusu chipu, kile kipande kidogo cheusi kilichomo ndani ya simu, redio, mita ya umeme na karibu kila kitu kinachowaka siku hizi. Chipu nyingi hutengenezwa kwa matumizi ya watu wote. Lakini mtu mwenye haja yake maalumu anaweza kuchora ya kwake, akapeleka mchoro kiwandani, na baada ya miezi kadhaa akaletewa kitu cha kushika mkononi. Zamani programu za kuchorea zilikuwa mali ya makampuni makubwa tu. Sasa zipo programu huria, za bure, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia na hata kuzibadilisha.

Kazi ni kuzichukua. Ziko ishirini na tatu, na kila moja imeandikwa na watu wake kwa wakati wake. Moja inachora, nyingine inakagua, nyingine inapanga nyaya. Hii inataka toleo jipya la mwenzake, ile inataka la zamani. Moja ikinuna, zote zinasimama.

"Weka mawifi ishirini na tatu katika jiko moja, kila mmoja na mwiko wake," anasema Bi Kebo. "Halafu uwaambie wapike chungu kimoja."

Yeye ndiye anayewapatanisha. Amezifunga programu zote katika furushi moja, kila toleo limechaguliwa kwa kupimwa pamoja na mengine. Mwanafunzi anaandika mstari mmoja tu kwenye kidirisha cheusi cha kompyuta yake, anabonyeza, na kusubiri.

Ilianza miaka minne iliyopita, mhadhiri wa umeme alipoanzisha somo la kubuni chipu. Mhadhiri huyo, mtu mrefu anayesahau miwani yake kila chumba anachoingia, alikuwa amepata nafasi adimu. Vyuo kadhaa viliungana kupeleka michoro yao kiwandani kwa pamoja, kama majirani wanaochangia lori moja la mchanga. Anayechelewa, lori linaondoka bila yeye.

Muhula ulikuwa wa wiki kumi na nne. Tisa kati ya hizo ziliishia katika kuweka programu.

"Nilikuwa na hotuba nzuri nimeziandaa," anakumbuka mhadhiri. "Sikutoa hata moja. Kila nikiingia darasani nakuta mikono imenyooka. Mwalimu, yangu imekataa. Mwalimu, yangu ilikubali jana, leo imekataa. Nilikuwa natibu, sifundishi."

Michoro haikwenda kiwandani mwaka ule. Bi Kebo, ambaye hadi hapo alikuwa mtazamaji tu, anakumbuka zaidi binti mmoja aliyekuwa mbele ya wenzake katika hesabu. Alimkuta mchana mmoja peke yake maabara, anazungushia chaja yake waya, ameshaandika barua ya kuhamia uhasibu.

"Nikamwambia, mwanangu, umebakiza wiki tano tu. Akaniambia, Bi Kebo, mimi nilikuja kujifunza kuchora chipu. Nimejifunza kusoma makosa mekundu. Akanirudishia kiti mahali pake, akaaga vizuri kabisa. Ningefurahi kama angebamiza mlango."

Maabara ni yake, anasema, na mgeni akishindwa kula, mwenye nyumba ndiye anayeona haya. Siku iliyofuata alinunua daftari.

Hakusoma chuo kikuu. Kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuajiriwa chuoni alikuwa fundi wa mashine za kurudufisha karatasi, na kutoka huko alileta tabia moja: haamini maneno ya mashine, anaamini alichokiona ikifanya. Alikaa mbele ya kompyuta, akaweka programu moja baada ya nyingine, na kila kosa alilokutana nalo aliliandika, pamoja na dawa iliyoliponya. Daftari la kwanza lilijaa makosa mia tatu na kumi na mawili. Ilikuwa bandika bandua. Akiponya la kumi, la tatu linafufuka.

Ilimchukua miezi minane. Furushi la kwanza lilipokamilika, darasa zima liliweka programu kwa siku mbili badala ya wiki tisa. Mhadhiri akamshawishi waliweke kwenye intaneti ili na vyuo vingine vilichukue bure.

"Nilikubali bila kujua nakubali nini," anasema.

Mwanzoni vilikuja vyuo vitatu, kisha kumi, na mwisho wa mwaka wa pili vilikuwa vimefika sitini na viwili. Pamoja navyo zilikuja barua pepe. Muhula uliopita peke yake alipokea mia nne na themanini. Alizihesabu zenye neno asante ndani yake: zilikuwa tisa.

Nyumbani anaishi na mama yake mzazi, mshonaji mstaafu ambaye miguu yake huvimba asipoiinua juu ya kigoda. Bibi huyu hajawahi kugusa kompyuta, lakini mambo ya furushi anayajua yote, kwa kuwa bintiye huzisoma barua kwa sauti huku akimkanda miguu.

"Hao watu wanakujua?" mama alimuuliza siku moja.

"Hawanijui, mama."

"Wanakulipa?"

"Hawanilipi."

"Sasa wanakugombeza kama nani?"

Mama yake akajijibu mwenyewe: "Shukrani ya punda ni mateke. Hebu panda juu kidogo, hapo kwenye kifundo."

Kisha ikaja Ijumaa ambayo Bi Kebo huizungumzia akiwa amekunja mikono kifuani.

Ilikuwa mwaka jana, wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka michoro kiwandani. Moja ya zile programu ilikuwa imetoa toleo jipya lenye marekebisho ambayo watu waliyasubiri kwa hamu, na wengi walikuwa wakimwandikia: lini, lini, lini. Mama yake alikuwa na miadi ya daktari saa tisa alasiri. Saa saba na nusu Bi Kebo alilijaribu furushi jipya kwenye kompyuta mbili zilizokuwa karibu naye, zote mpya. Likapita. Ile kuukuu ilikuwa imezimwa, na kuwaka kwake tu huchukua dakika kumi.

"Nikatazama saa. Nikaitazama kompyuta. Nikasema, aa, potelea mbali." "Neno hilo nimelitafuna mwaka mzima."

Furushi lile, kabla ya kuweka programu mpya, lilikuwa linafuta folda ya zile za zamani. Kwenye kompyuta zenye nafasi ndogo lilikwama katikati, likiwa limeshafuta na bado halijaweka kitu. Hilo lingekuwa usumbufu tu. Lakini katika chuo kimoja wanafunzi walikuwa wakihifadhi michoro yao ndani ya folda hiyohiyo, kwa sababu hakuna mtu, hata Bi Kebo katika maelekezo yake, aliyewahi kuwaambia wasifanye hivyo.

Jumamosi mchana ikaingia barua ya mwalimu wao. Ilikuwa fupi. "Dada, wanafunzi wangu kumi na mmoja hawana kazi zao za muhula mzima. Naomba uniambie nifanye nini." Chini aliweka namba ya simu.

"Hakutukana," anasema Bi Kebo. "Angetukana ningepona."

Alimpigia palepale, amesimama jikoni.

"Mwalimu, zima kompyuta zote. Mtu asiandike kitu chochote juu yake."

"Nizime? Wanafunzi wamekaa hapa wanalia."

"Waambie wakalie nje, mwalimu. Tafadhali. Mimi nakuja."

Jumapili asubuhi alimwacha mama yake kwa jirani, akapanda basi la mwendo wa saa saba akiwa na diski mbili tupu na nguo za kubadilisha. Alikaa siku tano katika maabara asiyoijua, chumba chenye paa la bati na meza zilizochongwa majina, akichimbua mabaki ya michoro kutoka katika diski moja baada ya nyingine. Kitu kikifutwa katika kompyuta hakipotei papo hapo. Hubaki pale mpaka kingine kiandikwe juu yake. Kompyuta tisa zilikuwa hazijaandikwa kitu. Wanafunzi wake walipata kazi zao, wengine nusu, wengine zote.

Mbili zilikuwa zimetumika Jumamosi asubuhi kabla ya simu yake. Kwa hizo hakukuwa na la kufanya.

Mwalimu alijitolea kuwaambia wenyewe. Bi Kebo akakataa. Aliwaita wawili hao, kijana na binti, akawakalisha kwenye benchi la nje.

"Niliwaambia mimi ndiye niliyefuta. Sikutaja programu, sikutaja kompyuta. Yule kijana akasema, sawa mama, akakusanya vitabu vyake akaondoka. Binti akaniuliza, kwa hiyo nianze upya? Nikamwambia ndiyo. Akauliza, zimebaki siku ngapi? Nikamwambia tisa. Akaingia ndani akawasha kompyuta."

Binti alifanya kazi siku zote tisa. Siku ya mwisho mchoro wake ulikataliwa na ukaguzi, lori likaondoka bila yeye. Aliingia katika awamu iliyofuata. Kijana aliacha somo, na Bi Kebo hajui yuko wapi. Kwa muda alimtafuta, kisha mwalimu wake akamwomba aache.

Bi Kebo aliporudi chuoni kwake aliandika tangazo kwa vyuo vyote sitini na viwili, akaeleza kilichotokea na kwamba kosa ni lake. Majibu yalikuja ya kila namna. Mmoja alimwandikia kwamba kazi ikimshinda mtu, aiache. Bi Kebo alimjibu kwa neno moja: "Nimesoma."

Kisha akachukua madaftari yake, ambayo sasa yalikuwa saba, akayapeleka ofisini kwa mhadhiri na kuyaweka mezani.

"Mwalimu, haya hapa. Mimi narudi kwenye karatasi na wino wa printa."

Mhadhiri alifungua la juu, akapapasa miwani ambayo hakuwa nayo. "Nikiyapokea, nani atayasoma? Mwandiko wako ni wa daktari. Nenda kapumzike wiki mbili, madaftari nitakulindia."

Alipumzika siku nne. Ya tano, anasimulia, mama yake alimkuta amekaa kitandani mchana, viatu mguuni, hatoki wala halali.

"Mimi nilishawahi kukata suruali ya bwana harusi," mama akamwambia, "ikatoka na miguu miwili ya kushoto. Asubuhi ya harusi. Unadhani nilifunga duka?"

"Hukufunga?"

"Nilifunga siku mbili. Ya tatu nikafungua. Njaa."

Bi Kebo anasema alicheka mpaka akalia, na alipomaliza kulia akaenda kuchukua madaftari.

Furushi analolitengeneza sasa halifuti kitu. Likitaka kuweka jipya, linaliacha la zamani mahali pake, na mtu asiyeridhika anaweza kurudi nyuma kwa amri moja. Michoro ya wanafunzi inakaa mbali, mahali ambapo furushi haliruhusiwi hata kuchungulia. Vyuo visivyo na intaneti ya maana vinatumiwa kwenye flashi. Na yale makosa mekundu yaliyomfukuza mwanafunzi bora wa darasa lile la mwanzo ameyaandika upya, moja moja, kwa lugha ambayo mtu anamwambia mwenzake. Kompyuta yenye uwezo mdogo inaambiwa mapema: "Kompyuta hii ni ndogo. Itachukua saa mbili. Nenda kanywe chai, usiizime."

Ijumaa hatoi kitu. Ijumaa ni ya mama.

Mwaka huu, siku ya kwanza ya somo, wanafunzi ishirini na sita waliandika mstari wao mmoja na kukaa. Dakika hamsini baadaye kompyuta ishirini na tano zilikuwa tayari. Ya ishirini na sita haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Saa ile ile mhadhiri akatoa hotuba ya kwanza aliyoiandaa miaka minne iliyopita. Wanafunzi wanasema ilikuwa ndefu mno.

Wiki tatu zilizopita bahasha iliwasili kutoka kiwandani, yenye chipu za darasa lililotangulia. Mhadhiri alimwita Bi Kebo, ambaye alikuwa akibadilisha wino na mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Alinawa, akapewa kioo cha kukuzia. Katika kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho kulikuwa na viwanja kama vya shamba linaloonekana kutoka juu, na kila kiwanja kilikuwa kazi ya mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi aliyechora chipu ya kupima unyevu wa udongo alikuwa akirukaruka mlangoni.

"Watu waliniangalia wakitegemea nitasema neno," anasema. "Nikajitafuta. Nilitafuta furaha nikakuta usingizi. Nikawaambia hongereni sana, wanangu, nikarudi kwenye wino."

Anakiri kwamba furaha ilifika baadaye kidogo, siku ya pili yake, akiwa anaanika nguo, na haikukaa sana.

Mwandiko wake wa daktari sasa unachapwa. Walimu watatu wa vyuo vingine, mmojawapo yule aliyemwita dada siku ile ya Jumamosi, wamekubali kugawana naye kazi, na kuanzia muhula ujao barua zitajibiwa kwa zamu. Chuo kimemwahidi likizo yake ya kwanza kamili baada ya miaka mitatu. Amesema atailala yote.

Baada ya likizo ana mpango mmoja, na anautaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Katika miaka hii minne amewawekea watu zana za kuchorea chipu katika kompyuta asizozijua idadi. Yeye mwenyewe hajawahi kuchora hata saketi moja. Mhadhiri ameandika jina lake katika orodha ya wanafunzi wa muhula ujao, kati ya vijana wa miaka ishirini.

Chipu yake itafanya nini?

"Itawasha taa moja, halafu itaizima," anasema Bi Kebo. "Basi. Mimi mtu mzima, sitaki makuu."

Na nani atamwekea programu?

Anavaa viatu vyake, anaokota fundo la waya, anasimama kwa kujishika kiunoni.

"Nitafuata maelekezo kama wenzangu. Nikikwama, nitamwandikia mwenye furushi barua kali sana."